Shamba Lenye Jina Lako

Mwanangu Yasinta,

Marahaba. Nimetangulia kuitikia shikamoo yako ya kesho asubuhi, kwa sababu sijui kama ukishaisoma barua hii utataka kuitoa. Mama yako amelala, au anajifanya amelala. Wewe nakusikia chumba cha pili ukifungua na kufunga lile sanduku, unatafutia nafasi kitu ambacho nafasi yake haipo. Mambo ya sufuria, shuka na sweta mama yako amekwisha kuyasema mara nyingi kuliko padri anavyosema amina, kwa hiyo hayo nayaruka. Mimi nina jambo moja tu. Ni refu kidogo, na halinipendezi.

Siku ile ulipoingia hapa nyumbani ukasema umepangiwa zahanati ya upande wa Gehandu, mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Wewe ukanigeukia mimi ukicheka. Ukasema, "Baba, niliomba mwenyewe. Nakwenda kwenye shamba langu. Nikifika nitawaambia wale wafugaji, jamani eeh, mwenye shamba ndiye mimi." Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikatoka nje, nikajifanya naangalia ndama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta saa ya kukwambia. Kila nilipoipata, niliipoteza kwa makusudi. Mara kuni zimekwisha, mara ng'ombe kaingia kwenye maharage ya watu. Sasa hakuna tena saa ya kupoteza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Usiwaambie hivyo, mwanangu. Wakikuuliza jina utawatajia, maana jina lako ni lako. Ila usicheke unapolitaja. Watu wa kule wanalijua jina hilo tangu hujaota meno, na wazee wao hawalijui kwa wema.

Wewe umekulia katika nyumba ya Kikatoliki. Kwako kubatiza ni maji, mafuta, mshumaa na padri. Kule bondeni, kwenye shamba la ngano la serikali, sisi vijana tulilivua lile neno kanzu yake tukalivalisha ovaroli. Kijana mpya akiingia gereji, tulimmwagia ndoo ya maji machafu ya kuoshea vipuri, tukasema amebatizwa, na hapo hapo akapewa jina la kazini ambalo hata mke wake angekuja kulijua. Mpishi akizidisha maji kwenye maziwa ya chai, tulisema maziwa yamebatizwa. Kulikuwa na fundi mmoja Mzungu, mtu wa watu, aliyetuambia kwamba kwao hata meli mpya hubatizwa: wanaipasulia chupa ubavuni na kulitaja jina lake. Sisi meli hatukuwa nayo. Tulikuwa na matrekta, na mashine za kuvunia kubwa kuliko nyumba hii, tukaanza kuzibatiza hizo. Tulimwaga soda kwenye gurudumu, lakini chupa hatukupasua, kwa sababu chupa ilikuwa na mwenyewe kule dukani na alikuwa mkali.

Trekta langu lilibatizwa Beberu, kwa ajili ya mlio wake wa asubuhi kabla halijapata moto. Na mimi mwenyewe, Bonifasi mwana wa Tluway, nilibatizwa Rula. Nilikuwa nikilima mstari unanyooka utadhani umepigwa kwa kamba. Wasimamizi waliwaleta wageni kuutazama. Nakuambia ukweli, jina lile nililipenda kuliko Bonifasi. Nilikuwa natembea kifua mbele. Sikujua kwamba jina la sifa lina mtego wake. Ukishaitwa Rula, unaanza kuogopa kupinda, hata pale ambapo mtu mwenye akili angepinda.

Baada ya mashine tukahamia kwenye ardhi yenyewe. Ofisini kila kitalu kilikuwa na namba, lakini nani anakumbuka namba? Tukajiwekea utaratibu wetu. Kitalu kipya kikifunguliwa, dereva anayekata mstari wa kwanza, toka mwisho huu mpaka mwisho ule bila kupinda, ndiye anayekibatiza. Akipinda, anampisha mwenzake naye ajaribu. Jina linaandikwa kwa rangi nyekundu ya gereji kwenye kipande cha bati, bati linapigiliwa kwenye nguzo, na kuanzia hapo hata karani analitumia. Kulikuwa na kitalu kinaitwa Ubwabwa. Kulikuwa na kingine kinaitwa Mama Mkwe, kwa sababu kilikuwa na mawe na hakikuwa na shukrani. Tulicheka sana miaka ile. Tulikuwa vijana, tulikuwa na mshahara, na ardhi ilikuwa tambarare mpaka jicho linachoka.

Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Hilo ndilo ambalo sikukuambia ulipokuwa mdogo.

Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Gidamis. Wakati ule hakuwa mzee bado, ila alinizidi umri kiasi cha mimi kumpa shikamoo, na nilimpa. Alikuwa na ng'ombe wengi, na kila mwaka njia zake za kuchungia zilikuwa zinapungua kwa sababu yetu. Hata hivyo aliniletea maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi, nami nilimpa madebe matupu na wakati mwingine nilimpeleka mgonjwa wake kwenye barabara kuu kwa trekta. Sisi wote watu wa mlimani tuliwaita watu wake Wamang'ati, na mpaka leo utasikia hivyo. Yeye ndiye aliyenikemea kwanza.

"Bonifasi, Mang'ati ni jina tulilopewa na Wamasai. Maana yake adui. Sisi ni Wabarbaig. Wewe wakikuita adui, utaitika?"

"Siitiki, mzee."

"Basi na sisi hatuitiki. Tunanyamaza tu."

Nilikubali, tukanywa maziwa. Kesho yake nikasema tena Mang'ati, maana ulimi umezoea, na yeye akanyamaza tu, kama alivyosema.

Wapimaji walipokuja kupima kitalu kingine kipya, Gidamis alikuja gereji akanichukua kwa miguu. Tulitembea mpaka katikati ya nyika, kwenye mwinuko mdogo ambao mimi nilikuwa nimepita karibu yake mara nyingi bila kuuona. Akasema, "Hapa amelala baba yangu, Gidahoda. Mahali hapa pote panaitwa kwa jina lake." Wabarbaig hawamziki kila mtu hivyo. Mzee wa heshima wanamjengea kilima cha udongo juu ya kaburi, ukoo mzima unakaa miezi unakijenga, wanasimika miti, wanaimba, wanachinja. Miti ya Gidahoda ilikuwa imekwisha kuoza, na mvua za miaka zilikuwa zimekishusha kilima kikabaki kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Gidamis aling'oa majani mabichi akayaweka juu yake. Akaninyooshea mengine. Na mimi nikaweka. Mkono huu unaokuandikia, Yasinta, uliweka majani pale.

Akasema, "Mwenye kulima ni wewe. Zunguka."

Nikasema, "Nitazunguka."

Na nilimwambia msimamizi wetu, ili ujue kwamba sina wa kumsingizia. Alikuwa na haraka zake, akanijibu bila kushuka kwenye gari, "Kama kuna kaburi si uzunguke? Wewe ndiye uko kwenye usukani." Watu wanapozungumza habari za mashamba yale husema serikali, husema Wazungu, husema wakubwa, na kweli yapo mengi ya kusema. Wabarbaig wamepoteza pale vitu ambavyo siwezi kuvieleza kwenye karatasi moja. Lakini mahali pale, siku ile, mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani.

Sasa nifike kwako.

Wiki ile ile, dereva wa lori la mbegu aliteremka kutoka huku mlimani na habari. Mama yako amejifungua kwa bibi yako, mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi, na mama yake anataka aitwe Yasinta. Nilimkumbatia yule dereva mpaka akanisukuma. Wenzangu wakaniambia niombe ruhusa nipande nikamwone mtoto, na Jumapili mtoto abatizwe nikiwepo. Niliomba. Wakasema ni msimu wa kufungua ardhi, haiwezekani. Nimekuwa nikikuambia miaka yote kwamba walininyima. Ni kweli walininyima, ila mimi sikuiomba kwa nguvu. Nilikuwa nautaka ule mstari wa kwanza. Nilijisemea moyoni, kama sitakuwepo padri atakapommwagia maji kichwani, basi mimi nitambatizia shamba zima, maekari na maekari, aone baba yake ni nani.

Nikueleze namna mstari unavyonyooshwa. Huangalii gurudumu. Unachagua kitu mbali, upande wa pili, unakiweka katikati ya boneti, na macho huyatoi hapo. Mimi nilichagua mgunga mmoja uliokuwa peke yake. Nikawasha Beberu, nikashusha plau, nikaenda. Nilipofika karibu na nusu ya njia nikaona kwamba kati yangu na ule mgunga, kule kule katikati ya boneti, kuna ule mwinuko. Majani ya Gidamis yalikuwa bado yako juu yake, yamenyauka kidogo.

Ningependa nikuambie kwamba ilitokea ghafla. Haikutokea ghafla, trekta halikimbii. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na nilifikiri. Nilifikiri kwamba nikizunguka, mstari umepinda, na Rula amepinda mbele ya watu. Nilifikiri kwamba anayefuata kwenye zamu ni mwenzangu mmoja ambaye alikuwa amekwisha kuapa kwamba yeye atakiita kitalu kile kwa jina la mbwa wake. Nilifikiri kwamba kaburi lenyewe ni la zamani, udongo ni udongo, na kwamba Gidamis nitamweleza. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi sababu, zinakuja zenyewe bila kuitwa.

Sikuyatoa macho kwenye mgunga. Beberu alinyanyuka kidogo, akashuka. Basi. Kiasi cha mtu anayevuka kizingiti cha mlango. Mpaka leo nikikaa kwenye kiti chochote kinachoyumba, nausikia ule mnyanyuko kwenye makalio yangu.

Nilipofika mwisho nikageuka kutazama. Mstari ulikuwa umenyooka, hauna hata dalili. Wenzangu walipiga makofi, wakaleta soda na bati, wakaniuliza jina. Nikajifanya padri. Nikaimwaga soda kwenye plau, kwenye udongo wenyewe wa yule mzee uliokuwa umeng'ang'ania pale, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Nakubatiza, Yasinta." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilitamani kukuficha hilo, lakini ndilo linalonisumbua kuliko yote. Nilikuwa na furaha kweli kweli.

Gidamis alikuja jua likiwa linainama. Mimi nilikuwa nakaza nati kwenye plau, na nilipomwona nikaendelea kuikaza ile nati ingawa ilikuwa imekaza tayari. Alitembea juu ya mstari wangu mpaka pale, akasimama, akarudi. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenichapa na fimbo yake. Alisimama mbele ya lile bati, na kwa kuwa hakujua kusoma, akaniuliza.

"Pameandikwa nini hapa?"

"Yasinta."

"Ndio nani?"

"Binti yangu. Amezaliwa wiki hii."

Mimi nilikuwa nangoja laana. Sisi watu wa mlimani tuliogopa laana yao kuliko kitu chochote, na nilikuwa nimekwisha anza kuwaza wewe uko huko kwa bibi yako, mchanga, huna hata nguvu ya kuinua shingo. Gidamis aliponitazama nadhani aliiona hofu hiyo usoni, maana alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja.

"Usiogope. Mtoto hana kosa. Lakini umemlaza juu ya baba yangu. Akikua, mwambie aje hapa achukue jina lake. Mzee atalibeba mpaka aje."

Akaenda zake. Kibuyu cha maziwa hakikuja tena.

Huo ndio ujumbe wako, Yasinta. Ulitumwa kwako kabla hujajua kunyonya vizuri, na mimi nilikaa nao miaka yote hii, mpaka leo umekuwa muuguzi mwenye cheti. Badala ya ujumbe nilikuletea hadithi. Nilikupandisha mabegani nikakuambia una shamba lako bondeni, ngano mpaka mbinguni, na jina lako kwenye bati. Ukaenda shuleni ukawatangazia wenzako, wakakuita mwongo, ukarudi unalia. Unakumbuka nilichofanya? Likizo iliyofuata nilikuja na masuke ya ngano nikakupa, nikasema haya yametoka kwako. Uliyafunga kwa kitambaa, ukayatundika juu ya mlango, hukuruhusu mtu kuyagusa mpaka panya wakayamaliza. Kila nilipopita mlango ule niliinamisha kichwa. Mama yako alidhani naogopa kujigonga.

Nilidhani bati litaoza na habari itaisha. Bati liliibiwa, nadhani lipo kwenye banda la kuku la mtu fulani, lakini jina likabaki. Watu wa shamba waliondoka mmoja mmoja, vipuri vikaadimika, mashine zikasimama kwenye nyasi, na jina likabaki. Wabarbaig wenyewe wakalishika. Ng'ombe amepotelea Yasinta. Fisi ameonekana Yasinta. Mwaka wangu wa mwisho kule, nilipanda lori na kijana mmoja wa Kibarbaig, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo na nafasi ya kukaa. Tulipopita pale akanyoosha kidole akaniambia, "Pale kuna kaburi la zamani, mzee. Ndio kaburi la Yasinta." Nikamuuliza, Yasinta ni nani? Akasema hajui vizuri, lakini anadhani ni bibi mmoja wa kwao, wa zamani.

Nilitaka kumwambia. Nikateremka kabla ya kituo changu, nikatembea na mzigo wangu kichwani.

Ni hapo nilipoelewa nilichofanya. Kaburi lililolimwa bado ni kaburi, mradi watu wanajua ni la nani. Mimi nilimlima yule mzee mara ya kwanza kwa plau na mara ya pili kwa rangi nyekundu. Na nilikutumia wewe kufanya hivyo, wewe usiyejua lolote, uliyekuwa umelala kwenye kanga.

Nilipoacha kazi nikarudi huku Masieda kwenye maharage ya babu yako, nilikuta jambo la kunichekesha. Huku mlimani hakuna mstari ulionyooka. Tuta linafuata kilima, linapinda penye jiwe, linazunguka mti, na hakuna mtu anayeona aibu. Ukilinyoosha, mvua inakuja kulichukua na udongo wake. Siku za kwanza nililima nikiwa na hasira, kama fundi aliyepewa msumeno butu. Sasa nimezoea. Nimejifunza kuzunguka nikiwa na mvi, wakati ambapo hakuna tena anayeniomba nizunguke.

Usidhani sikuwahi kupata nafasi ya kutubu. Nilipata. Nilikwenda mnadani kununua ndama, yule yule ndama ambaye sasa ni mama wa yule niliyejifanya namwangalia, nikamwona Gidamis kwa mbali. Amezeeka, lakini shingo ni ile ile. Nilijificha nyuma ya lori la chumvi. Mtu mzima, na masharubu yangu, nimechutama nyuma ya gurudumu najifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyenyewe vilikuwa kandambili. Nilikaa pale mpaka alipoondoka. Nimekuambia hili ili usije ukanifanya mkubwa kuliko nilivyo.

Kuhusu kazi yako sina la kukufundisha, umesoma wewe. Nina ombi moja tu. Utakuwa unaandika kadi za kliniki, na foleni itakuwa ndefu, na utakuwa umechoka. Mama atakutajia jina la mtoto wake, refu, lenye sauti ambazo kalamu yako haijazizoea. Nimesikia wapo wahudumu ambao hapo huandika tu Maria, kazi iende. Mwombe arudie. Akirudia bado hujashika, mwombe tena. Atakucheka, na wewe utacheka, na mtoto ataondoka na kilicho chake.

Sasa nikuungamie la mwisho. Nilipoanza kuandika, mpango wangu ulikuwa kuichomeka barua hii chini ya shuka ndani ya sanduku lako, uje uisome ukiwa umefika, wakati mimi nimekwisha rudi shambani na jembe langu. Na nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno mazuri ya kumalizia: nenda pale, ng'oa majani mabichi, weka, litaje jina la mzee, chukua lako. Nimeyasoma maneno hayo, nikamwona Rula. Nilikutwisha jambo langu ungali mchanga, na kesho nilikuwa nakutwisha tena, nikupeleke peke yako mbele ya watu niliowakosea, mimi nimetulia hapa nakunywa chai. Nilijionea aibu mpaka nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo barua hii utaikuta mezani, kando ya kikombe chako, na mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo wakati unaisoma. Ukitaka kunitazama, nitazame. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, hata mpaka basi litufikishe Katesh. Maana nakwenda na wewe. Kama utakubali nikae kiti cha pembeni yako, nitashukuru. Ukikataa, nitakaa nyuma na magunia ya vitunguu. Kwenda, nakwenda. Nimekwisha kuvitoa vile viatu vyangu vya kazi chini ya kitanda, nimevipiga mswaki, vimekubali.

Sijui kama Gidamis yu hai. Kama yuko, mimi ndiye nitakayesema shikamoo kwanza, na asipoitikia nitasubiri, kwa kuwa na yeye amesubiri. Kama hayuko, wapo wanawe, na yupo yule kijana wa kwenye lori, popote alipo. Wewe utachukua jina lako. Ni jina zuri, alikuchagulia mama yako, na halikuwa na doa kabla sijaligusa. La mzee ni juu yangu mimi kulirudisha, nilitaje pale pale nilipolifuta, na nilitaje tena kwa kila atakayetaka kunisikiliza, hata kama ni watoto wa kuchunga.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba nimelisahau, maana sijalitamka tangu siku ile. Nimelijaribu sasa hivi hapa mezani, polepole, kwa sauti: Gidahoda. Limetoka. Nimelirudia.

Mama yako, ambaye kumbe hakulala, ameuliza kutoka chumbani ni nani huyo ninayemwita saa hizi.

Nimemjibu: mwenye shamba.

Baba yako,
Bonifasi